Mjane Aliyekaa Juu ya Kiti

Kwanza kabisa, pete haikuuzwa. Maneno hayo yalianzia kwenye meza za wanunuzi wa dhahabu karibu na soko kuu la Bunia, yakapanda mtaa wa Nyakasanza, yakashuka ule wa Mudzipela, na yalipofika kanisani yalikuwa yameshaota mikono na miguu: eti Madame Scholastique aliipeleka pete yake ya ndoa kwenye mizani huku mume wake, Mumbere Félicien, angali hai, amelala kitandani akiugua figo. Pili, si kweli kwamba hakumlilia mumewe. Siku za matanga alikaa juu ya kiti. Hilo halikanushwi, waliomwona ni wengi. Lakini kukaa juu ya kiti si kukataa kulia. Mambo haya mawili yamesemwa mno na watu wasiojua, na inafaa yaelezwe sawasawa, mara moja, kisha yaachwe.

Kanyere Scholastique alizaliwa Butembo, binti wa mwalimu. Alikuja Bunia kusomea ualimu wa biolojia, akamaliza vizuri, akaolewa na Félicien, kijana wa kwao aliyeuza saruji, mabati na misumari, na hakurudi tena. Kwa miaka ishirini na minne alifundisha lise, shule ya sekondari, ya wasichana. Wenzake walipouacha ubao wakaenda kuuza vitenge, yeye alibaki, kwa sababu alipenda kazi na kwa sababu hakutaka mtu aseme kwamba mtoto wa mwalimu ameshindwa na chaki.

Wanafunzi walimpa jina la Madame Ipofizi. Ipofizi ni ile tezi inayoning'inia chini ya ubongo, na kila mwaka, somo hilo lilipofika, alichora ubongo mzima ubaoni bila kutazama kitabu, kisha akaweka nukta moja ndogo chini yake.

"Muione vizuri," aliwaambia. "Iko kadogo kama maharagwe, lakini njo mukubwa wa mwili muzima. Inasema kua, unakua. Inasema zala, unazala."

"Na ikisema kufa, Madame?" msichana mmoja wa nyuma aliuliza siku moja.

"Iyo haiseme. Lakini weye, kama hauandike, mimi nitasema."

Darasa lilicheka, naye alicheka. Wakati huo alikuwa bado na sauti ya juu, ile aliyoimbia kwaya.

Mabadiliko yalianza na chaki. Alianza kuona chaki za shule zimekuwa fupi na nyembamba, akamlalamikia mtunza stoo kwamba wanaletewa za bei rahisi. Chaki zilikuwa zilezile. Kisha viatu vikaanza kumbana. Kutoka namba thelathini na tisa alipanda arobaini, halafu arobaini na moja, na mwishowe akawa anachagua viatu vya wanaume kwenye mitumba, akimwambia muuzaji kwamba ni vya mzee wake. Sauti ilishuka. Kwenye kwaya alihama kutoka sauti ya kwanza hadi ya pili, halafu akaacha kuimba, akawa anafungua mdomo tu. Akipokea simu, watu waliomtafuta kwa jina la binti yake walimwambia, "Bonjour papa, Mama Fanny iko karibu?" Mara ya kwanza alicheka. Mara ya kumi alianza kujibu kwa ujumbe wa maandishi.

Mtu atauliza: mwalimu aliyeichora tezi ile kwa miaka ishirini na minne, hakuona? Hakuona. Badiliko la aina hiyo haliji kwa siku moja. Linakuja kidogo kidogo kwa miaka, na anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi anaona uso wa jana tu. Zaidi ya hayo alikuwa amevuka miaka arobaini na mitano, na alijiambia kwamba wanawake wote wananenepa.

Pete ndiyo iliyomlazimisha. Mwaka ule Félicien alipoanza kulala kitandani, kidole kilivimba juu na chini ya pete kama mguu uliofungwa kamba. Scholastique alijaribu sabuni, mafuta ya mawese na uzi. Kidole kilipogeuka rangi ya zambarau alifunga kitenge, akaenda sokoni kwa Mbuyi, mnunuzi wa dhahabu, kwa sababu katika mji huu watu wa dhahabu ndio wenye misumeno midogo ya kukata pete bila kukata nyama.

"Mama, hii kidole inalia," Mbuyi alisema alipouona mkono. "Ulingoja nini? Ikatike yenyewe?"

"Kata, Mbuyi. Usihubiri."

Mbuyi alikata taratibu, akaifungua pete kwa koleo. Halafu, kama mkono wake ulivyozoea kwa miaka yote ya kazi yake, akaidondosha kwenye mizani. Hakuwaza. Ni mkono tu. Kila dhahabu iliyopita kwenye vidole vile ilikwenda kwanza kwenye mizani. Alipogundua aliiondoa upesi, akaikunja ndani ya kipande cha karatasi na kumrudishia mwenyewe, akiomba radhi. Lakini wanawake wawili wa kwaya walikuwa wanapita, na kitu walichokiona ni mizani. Hawakungoja kuona karatasi. Jioni hiyohiyo maneno yalifika kwa Vahwere, dada ya Félicien. Kesho yake Vahwere alikuja nyumbani, akakaa karibu na kitanda cha kaka yake, akautazama mkono usio na pete wa shemeki yake, mke wa kaka huyo, kisha akaenda zake bila kuuliza. Scholastique naye hakueleza. Alikuwa na fikra kwamba mtu mwenye heshima hajitetei kwa jambo ambalo hakulifanya. Hapo alikosea, na kosa hilo ni lake mwenyewe.

Magoti yalifuata. Alianza kushuka ngazi za shule upande upande. Kanisani, wengine wakipiga magoti, yeye aliinamisha kichwa tu. Aliposhindwa kabisa kupanda moto, yaani pikipiki, alichukua Hiace hadi hospitali ya Nyankunde, peke yake, akitaka dawa ya maumivu arudi siku ileile.

Daktari alipiga picha ya magoti, akaitazama kwenye mwanga. Kisha akaiacha picha, akatazama mikono ya mgonjwa iliyokuwa juu ya mkoba.

"Madame, uko na foto ya zamani?"

Alikuwa na kadi ya kazi, ya miaka kumi na sita nyuma. Daktari aliishika kadi kando ya uso wa mgonjwa. Katika kadi kulikuwa na mwanamke mwenye kidevu kidogo na pua nyembamba. Daktari alimrudishia kadi.

"Unafanyaka kazi gani?"

"Ninafundisha biolojia."

"Basi sina maneno mingi ya kuongeza," daktari alisema polepole.

Scholastique alielewa kabla damu yake haijatolewa. Damu hiyo ilipelekwa Kampala, na majibu yaliporudi yalisema alilokwisha kulijua: homoni ya ukuaji ilikuwa imezidi mara nyingi, kwa sababu ya uvimbe mdogo, usio saratani, kwenye ile nukta aliyokuwa akiichora ubaoni. Mtoto anaihitaji homoni hiyo ili arefuke. Kwa mtu mzima mifupa mirefu imeshajifunga. Homoni ikizidi katika damu hutafuta mahali pengine pa kukuza, kwenye vidole, taya, ulimi na nyayo. Ndani ya goti hukuza gegedu, ile nyama ngumu yenye utelezi inayozuia mfupa kugusa mfupa. Mwanzoni gegedu inanenepa. Lakini imenenepa vibaya, kama ukuta uliojengwa haraka, na baada ya muda inapasuka, inalika, goti linaota miiba ya mfupa pembeni, na mtu anaanza kutembea juu ya mawe.

"Kwa hiyo wazee wote wenye arthrose, hii ya magoti kulika, wana homoni nyingi?" aliuliza, maana ualimu ulikuwa haujamtoka hata pale.

"Hapana, Madame. Watu wamepima damu ya wagonjwa wengi wa magoti. Wengine wanaona tofauti, wengine hawaoni kitu. Kwa wengi ni umri, uzito, mizigo ya shamba. Kwa weye, ni hii damu."

Aliandikiwa vidonge vya mara mbili kwa wiki. Vilimsaidia, si kila mtu vinamsaidia. Baada ya miezi kadhaa homoni ilishuka, jasho la usiku likakoma, vidole vikapungua kidogo. Ila daktari alikuwa amemwonya mapema. Damu inaweza kurudi mahali pake. Goti lililolika halirudi.

Karatasi hizo alizifungia kabatini. Alikuwa amefundisha nusu ya wasichana wa mji huu, na sasa wangesema kwamba Madame Ipofizi aliugua ipofizi akaita uzee. Na kuna watu wa mjini wanaoamini kwamba anayekua mwili ukubwani amefanya mapatano fulani kwa ajili ya dhahabu. Baada ya habari za mizani, hakutaka kuwapa kuni za moto huo.

Félicien alifariki mwezi wa nane. Uani walitandika mikeka, na kama desturi ilivyo wanawake walishuka chini kuizunguka sehemu ya mjane, wakimngoja ashuke katikati yao. Alisimama pale mbele ya jeneza, amefunga kitambaa, na alijua kitu kimoja tu: akishuka hatainuka. Wangemwinua watu wawili, mmoja kila kwapa, mbele ya wote, kila mara atakapohitaji kwenda msalani, kwa siku tatu. Akaomba kiti.

"Kiti?" Vahwere alisema kwa sauti ya kusikika. "Weye ni presida? Ndugu yetu analala mu sanduku, weye unaomba kiti?"

Kiti cha plastiki kililetwa. Alikaa. Vichwa vya wanawake wote vilikuwa chini ya mabega yake, na kutoka juu kule kilio chake kilikuwa na sauti nzito ambayo hakuna aliyeitambua kuwa ya mwanamke anayelia. Hakuna aliyemshika mkono, kwa kuwa aliyekaa mkekani hafikii mkono wa aliye kitini.

Tangu siku hiyo watu walipungua. Hawakutangaza kitu, hawakumfungia mlango. Waliacha tu kupita. Mama aliyekuwa akiomba chumvi sasa alinunua. Kwaya ilipozunguka kuwatembelea wajane, ilikosa siku ya kwake, mwaka mzima. Fanny, mtoto wake pekee, alikuwa masomoni Kampala. Scholastique alipika wali wa sahani moja, akala, akaosha sahani moja, na sauti ya kijiko katika beseni ilikuwa kubwa ndani ya nyumba ile. Wakati mwingine alisahihisha mitihani kwa sauti, akiyasoma makosa ya wanafunzi na kuyajibu, ili pawe na mazungumzo.

Kisha Fanny akapata mchumba. Delphin ni kijana mzuri wa Butembo, na ukoo wake ulitangaza kwamba siku ya Jumamosi utakuja na mbuzi wa mahari, sherehe waiitayo mpôsho. Siku ya Jumanne, Kule, mdogo wake Félicien na sasa mkubwa wa ukoo mjini, alikuja pamoja na Vahwere. Walikunywa chai kwanza. Kule ni mtu wa taratibu. Aliuliza habari za shule, za mvua, za paa.

"Shemeki," alisema mwishowe, "siku ya mpôsho bageni batakuja. Batauliza: mama ya mutoto ni nani? Na siye tuko na haya."

"Haya ya nini, Kule?"

"Unajua. Haukukala chini kwa kaka yangu. Batu bote banasema haukumulilia. Mama mwenye hakulilia bwana yake, atakala namna gani mbele ya bageni kupokea mbuzi ya mutoto wake?"

"Atakala ku cuisine," Vahwere alisema. "Apike. Mimi njo nitapokea."

"Vahwere, acha," Kule alisema. "Shemeki, iko njia. Ijumaa banamama ba ukoo batakuja hapa. Utakala nabo ku mukeka, kutoka asubui mpaka magaribi. Ile ya matanga itaisha. Jumamosi utakala pa nafasi yako. Kama unakatala, basi."

Hakusema basi nini. Hakukuwa na haja. Fanny angetolewa nyumbani na mikono ya shangazi, na mama yake angekuwa jikoni akisikia vigelegele kupitia ukuta. Na kila mtu angejua kwamba ukoo umethibitisha yale ya mizani na ya kiti.

"Nitafikiri," Scholastique alisema.

Jumatano, saa nane ya mchana, alifunga geti, akatandika mkeka chumbani kwake. Alitaka kujua. Alishika ukingo wa kitanda, akajishusha upande mmoja, goti la kulia likalia kama ukuni unaovunjwa, na akafika chini. Akanyosha miguu. Kwa muda alijisikia mshindi. Kutoka chini chumba kilikuwa kingine: aliona uvungu wa kitanda, aliona viatu vya Félicien vya kazini vikiwa na vumbi la saruji ambavyo hakuna mtu aliyevikumbuka wakati nguo zake zilipogawanywa. Hapo alilia, kwa sauti yake ile nzito, pasipo mtu wa kuipima.

Alipotaka kuinuka hakuweza. Alijaribu kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Simu ililia mezani. Wakati ule ndio Fanny alipozoea kupiga. Ililia mpaka ikanyamaza, ikalia tena. Mvua ilianza kupiga mabati. Hakuita jirani. Alifikiri jina la nani angeita, akapitia majina yote ya kartie, mtaa wake, moja baada ya lingine, na hakupata. Mwishowe alijiburuta kwa viwiko, akaegemeza kifua kwenye godoro, akajivuta kidogo kidogo kama anayetoka majini. Ilichukua karibu saa mbili. Magoti yalikuwa yamevimba kama viazi vitamu, na sasa alijua. Mkeka hataukaa, hata kwa ajili ya Fanny.

Alimpigia Kule simu: Ijumaa asilete wanawake wa ukoo. Aje yeye na Vahwere tu.

Walikuja asubuhi. Chai ilikuwa mezani, na kando yake bahasha kubwa ya kahawia. Scholastique alitoa picha ya magoti, akaishika mbele ya dirisha.

"Hii ni mifupa ya nani?" Kule aliuliza.

"Yangu."

Alimweleza, kwa maneno aliyowaelezea wasichana: tezi, homoni katika damu, gegedu, kidole, pete, Mbuyi na mkono wake uliozoea mizani. Akatoa kipande cha karatasi. Pete ilikuwamo, imekatwa mahali pamoja. Kule alisoma karatasi ya Nyankunde na karatasi ya Kampala, akifuata mistari kwa kidole.

"Hii Kifaransa ni ya daktari," Vahwere alisema. "Karatasi inaweza kuandikwa."

Scholastique alisimama. Akaitazama kalenda ya kanisa ukutani, akashika kitenge chake kwa mikono yote miwili, akakipandisha mpaka juu ya magoti.

Mwanamke wa umri wake hafanyi hivyo mbele ya shemeki wa kiume. Kule aligeuza uso haraka kuelekea mlangoni, akakohoa. Vahwere hakugeuka. Aliyatazama magoti yale, makubwa, yamepinda kwa ndani, moja limebadilika rangi, na alipochutama kuligusa, ngozi ilikuwa ya moto.

"Yesu," alisema chini chini. "Inauma?"

"Tangu Jumatano, sana. Nilijaribu mukeka yenu."

"Peke yako?"

"Na nani?"

Vahwere alikishusha kitenge mwenyewe, akakinyosha kwa kiganja.  Kule bado alikuwa ameutazama mlango.

"Kesho utakala ku kiti," alisema bila kugeuka. "Ile kiti ya mikono, ya kaka. Pa nafasi yako. Mutu akiuliza, mimi njo nitajibu. Na ile ya pete, nitaongea ku kwaya mimi mwenyewe."

"Aksanti, Kule."

"Usiseme aksanti. Siye tulisema mingi."

Ingekuwa vizuri kama wangeondoka hapo. Lakini Vahwere alikuwa bado amechutama karibu na kiti, na alikuwa dada wa marehemu, na swali lilimtoka.

"Shemeki. Na kaka yetu? Alijua?"

Swali fupi, lenye makali pande zote mbili. Kama Félicien alijua, basi alimwona dada yake akiutazama mkono wa mkewe usio na pete, pale kando ya kitanda chake, akanyamaza. Kama hakujua, basi mkewe alimficha mume ugonjwa wa mwili wake mpaka anazikwa. Jibu lolote lingeharibu jina la mtu, na mmoja wao hakuwa tena na mdomo wa kujitetea.

Scholastique aliirudisha picha ndani ya bahasha, na karatasi mbili juu yake.

"Magoti mumeona," alisema. "Karatasi mumesoma. Pete iko pale. Ya mimi na Félicien haiko mu hii bahasha."

"Ni swali tu, Mama Fanny. Ni ndugu yangu."

"Ni bwana yangu. Sijibu. Leo sijibu, kesho sijibu, na mutu asinirudilie hii swali."